Nusu ya Kushoto ya Punda

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Leo nimevunja punda.

Si punda wa kweli, jamani. Punda wa plasta, ukubwa wa mbuzi, aliyesimama katika chumba cha vielelezo cha chuo chetu cha madaktari wa mifugo tangu kabla sijaajiriwa. Amepasuliwa katikati kutoka pua hadi mkia, na nusu zake mbili hufunguka kama kabati. Ndani mna mapafu, ini na utumbo, kila kimoja na rangi yake.

Kosa ni la jua. Saa tisa alasiri linaingia kwenye dirisha langu, vumbi linaelea taratibu, na mimi siwezi tena kazi. Nilikuwa nimeegemea nusu ya kushoto, nikiwaza maneno ya Daktari, mkuu wetu. Husema kila mnyama wa namna hii ana bapa la kati, ukuta mwembamba usioonekana, unaomgawa kulia na kushoto. Nikaanza kuuona! Ukatoka puani mwa punda, ukapita mlangoni, ukavuka uwanja, ukagawa mji mzima, maduka huku, nyumba kule, hadi mawinguni. Nami nikitembea juu yake, ufunguo shingoni. Kisha nikasikia kishindo.

Vipande arobaini na kitu. Nusu ya kulia haina hata mkwaruzo.

Wiki mbaya kabisa ya kuvunja punda. Ijumaa wanakuja wanafunzi wapya, nami ndiye wa kuwaeleza punda huyu, na baada ya hapo Daktari atamchagua Mtunza Vielelezo. Ni mimi au Rula, mwenzangu wa kazi, aliyeitwa hivyo kwa sababu hupima hata sukari ya chai yake. Mtunza hupewa ufunguo wa chumba. Miaka kumi na moja naingia humu kwa kubisha hodi! Na Mama nimeshamwambia kwamba nimeupata. Anasuka kamba ya kuutundika shingoni, nyekundu na nyeupe.

Vipande nimevificha nyuma ya mafuvu ya ng'ombe.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimeamka na wazo. Wazo zima, tamu, kama limeletwa kwenye sinia.

Daktari mwenyewe ndiye anayefundisha kwamba pande mbili za mnyama zinalingana. Sikio kwa sikio, jicho kwa jicho, kwato kwa kwato. Sasa nalilia nini kushoto wakati kulia ninako? Natengeneza kalibu ya kumiminia kutoka nusu ya kulia, namimina plasta, napata nusu nyingine. Kwisha. Mimi nina akili, basi tu watu hawajapata habari.

Nikaenda kwa shemeji, mume wa dada yangu, fundi viatu, kuomba mafuta ya kupaka kalibu. Akauliza natengeneza nini. Nikamwambia ni siri ya kikazi. Akaanza hadithi ndefu kuhusu siku aliyokuwa na haraka, akashona pea nzima kwa kalibu ya mguu mmoja, na mteja akatoka dukani anazunguka kama pia. Nikaitikia tu. Mafundi viatu wana maneno mengi.

Niliporudi, Rula alinikuta nabandika vibandiko kwenye nusu iliyobaki, nimemkabili punda uso kwa uso na kufuata mikono yangu. Eti nimekosea, upande nilioandika kushoto ni kulia, kwa sababu tunahesabu kushoto kwa punda, si kwa anayemtazama. Nikamwambia punda hajalalamika. Akaendelea, eti nisiandike juu na chini, kwa sababu mnyama akigaragara juu inakuwa chini, lakini mgongoni hubaki mgongoni na tumboni hubaki tumboni. Nani kamuuliza? Mwisho akauliza nusu ya pili iko wapi. Nikasema inaoshwa.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimemimina.

Watu hawajui kwamba plasta ikiganda hupata joto. Niliweka kiganja juu ya kalibu, nikafumba macho. Joto lilipanda polepole, kama ubavu wa mnyama aliyelala juani. Nikahisi anapumua. Nikaona Mama yuko mlangoni, amevaa kitenge chake cha harusi ya dada, na wanyama wote wa chumba hiki wanashuka kwenye rafu zao kumpokea, kila mmoja akitanguliza upande wake wa kichwa, kwa heshima. Nilikaa hivyo hadi mkono ukafa ganzi.

Mchana nikafungua kalibu. Nusu safi, haina tundu! Nikaibusu pua.

Rula alipita, akasema nina plasta mdomoni.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kuna jambo la ajabu.

Nusu haziungani. Nikizikutanisha bapa kwa bapa, vichwa vikiwa upande mmoja, nusu moja inasimama na nyingine inarusha miguu hewani. Nikiigeuza ya pili isimame, kichwa chake kinakwenda mkiani kwa mwenzake. Nikajaribu tena. Nikajaribu nikiwa nimesimama upande wa pili wa meza. Nikatoka nje, nikarudi ghafla ili niwashtukize. Miguu juu, ama kichwa mkiani. Plasta ni mbishi sana.

Nadhani ni unyevu.

Maji yamenifika shingoni, lakini sijakata tamaa. Nimechagua kichwa mkiani, kwani miguu hewani ingezua maswali. Ndani nimepaka rangi vilevile kama nusu ya kwanza. Nimemsimamisha kando ya ukuta, ile nusu nzuri ikitazama watu. Kichwa cha ziada kinachochungulia nyuma nimekitundikia koti langu. Ukisimama mlangoni ni punda mmoja mwenye heshima zake, karibu na koti.

Mama amemaliza kamba. Ameipima shingoni mwangu, akasema ufunguo utagonga hapa, kifuani, upande wa moyo. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilitaka sana. Nikamwambia aje chuoni kesho saa nne.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Wanafunzi thelathini. Daktari na fimbo yake ya kuonyeshea. Rula na daftari. Mama kiti cha mbele, mkoba mapajani.

Nilianza vizuri mno. Huku ni upande wa kichwa, huku upande wa mkia. Huku mgongoni, huku tumboni. Sauti yangu mwenyewe ilinipendeza, ikanichukua. Nikasema ukimkata hivi kwa kukingama unapata mbele na nyuma, lakini ukimkata katikati, tangu pua hadi mkia, unapata pande mbili zinazofanana kama mtu na kivuli chake. Daktari aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Wallahi niliuona ufunguo ukitoka mfukoni mwake.

Hapo ndipo Mama alipoinuka. Hajawahi kuvumilia nguo iliyotundikwa ovyo. Akasema mwanangu, mbele za watu koti limekaa namna hii? Akalichukua, akalikung'uta, akaanza kulikunja.

Punda akawatazama wanafunzi kwa jicho moja pale penye mkia.

Daktari akamzunguka mara mbili. Akafungua nusu. Akatangaza kwamba mbele yetu kuna mnyama mwenye vichwa viwili, maini mawili, ambaye bandama hana hata moja, kwa kuwa bandama hukaa kushoto, na punda huyu ni kulia tupu. Akawaeleza wanafunzi kwamba nje mnyama hulingana, ndani halingani, na kwamba kulia na kushoto hufanana kama viganja vya mikono, lakini kimoja hakiwezi kukaa mahali pa mwenzake. Watu wakaandika! Wengine walikuwa wanalia kwa kucheka.

Mama peke yake hakucheka. Alilishika koti, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye anaona ni punda mzuri, hana nyuma, kwa hiyo hatampiga mtu teke.

Ufunguo amepewa Rula. Yeye ndiye atakayechonga nusu ya kushoto, kwa mkono, huku akiitazama ya kulia kwenye kioo. Mimi nitaosha chupa za vielelezo kwa miezi sita.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na Mama. Nikamwambia nilimdanganya. Akasema alijua tangu Jumatatu, kwa sababu nikisema uongo naangalia dari. Aliisuka kamba hata hivyo. Akaikunja ndogo, akairudisha mkobani, akaufunga. Niliumia kuliko nilivyoumia mbele ya wanafunzi thelathini.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Kuosha chupa si kubaya. Sinki liko chini ya dirisha. Jua linapita kwenye chupa, na samaki waliolala ndani wanaogelea ukutani.

Asubuhi Rula alinifundisha, bila kunicheka. Alinivalisha glavu ya kulia kwenye mkono wa kushoto, kidole gumba kikakaa upande wa kidole kidogo. Akasema ndivyo ilivyokuwa kwa punda, kalibu ya kulia itazaa kulia siku zote. Nikamsikiliza kwa makini kabisa. Nikamwambia nimeelewa, tena nimeelewa mno. Nikaangalia dari.

Saa tisa nilikuwa napangusa sungura wa plasta. Nilikuwa nawaza Mama anafungua mkoba, anaitoa kamba, nyekundu na nyeupe, ufunguo unang'aa. Nikageuka ghafla. Sikio la kushoto likaanguka sinkini, likapotelea kwenye bomba.

Rula hajaona. La kulia lipo, zima, zuri.

Na sikio si punda. Sikio halina kichwa wala mkia, halina miguu ya kurusha hewani. Sikio ni sikio! Nimeshalipaka mafuta ya shemeji. Kalibu iko hapa kwenye kiganja changu, na plasta imeanza kupata joto.