Kiti cha Mbele

Jumatatu, 4 Machi
Gari limezimika tena katikati ya barabara, kama punda aliyesusa. Mwanangu kasema fundi ndiye ataamua: likitengenezeka tutalitengeneza, likishindikana tutanunua jipya. Mkamwana akapiga makofi. Jipya! Namjua huyo. Mlango wa mbele wa gari hili haumtii mtu ila mimi. Unainua kitasa, unaupiga nyonga, unautukana kidogo. Ndiyo maana miaka tisa mbele nakaa mimi, yeye nyuma na watoto. Gari jipya litamfungulia kila mpita njia. Sikubali!

Jumanne, 5 Machi
Nimemwendea fundi. Kakuna kichwa, eti bibi, injini imechoka, gia zinalia. Nikamwambia hata mimi nimechoka na magoti yanalia, mbona sijauzwa chuma chakavu? Akacheka mpaka spana ikamdondoka. Nikamuuliza yeye ni fundi au mpiga ramli. Hapo kaapa gari litarudi kama lilivyotoka kiwandani. Nimerudi nachekacheka peke yangu njiani. Akili ninazo! Shule ya nini?

Alhamisi, 7 Machi
Limeletwa. Linanguruma kama paka aliyeshiba! Mkamwana kanuna, mdomo umefika getini kabla yake. Nikaingia ndani kuvaa viatu vyangu vizuri, taratibu, kama bibi harusi. Natoka, namkuta kaketi mbele, na mkanda kafunga!

Fundi katengeneza na mlango. Eti zawadi kwa bibi. Unafunguka kwa kidole kimoja! Mpumbavu yule, nani kamtuma? Nimebanwa nyuma na wajukuu, mmoja kanilalia, mwingine kanikanyaga hivyo hivyo viatu.

Ijumaa, 8 Machi
Hili gari bovu. Sasa nataka jipya, pikapu ya viti viwili tu: cha dereva na changu. Leo kila mara mwanangu alipobadilisha gia, nilikohoa huku nyuma kwa sauti nzito, ya injini kabisa. Mara ya nne kasimama, kafungua boneti, kasikiliza weee. Akarudi akaniuliza kifua kimenianza lini.

Mkamwana, mpole kama malaika, akasema mama mgonjwa lazima ajinyooshe. Kiti chote cha nyuma ni changu kuanzia leo, watoto atawapakata yeye huko mbele.

Vizuri. Kesho naanza kichefuchefu. Mwenye kichefuchefu hukaa mbele, wabishane na daktari!