Karatasi Kumi na Saba za Kumsifu Mwanangu

Jumatatu, 2 Machi

Mwanangu ndiye mwalimu wangu! Yule yule niliyempigia makofi akijifunza kusimama, leo kasimama mbele yangu na chaki! Haya, sasa salamu: hujambo, daftari. Mimi sijambo, na mtaa mzima umeshaambiwa kwamba sijambo.

Mwalimu wetu wa zamani wa darasa la watu wazima amestaafu, na kituo kimemleta nani? Binti yangu. Kwa majaribio ya mwezi mmoja. Akifaulu anaajiriwa kabisa. Asipofaulu anarudi kusimama kaunta ya duka la shangazi yake. Atafaulu. Kichwa amekichukua kwangu. Kwa baba yake amechukua miguu, basi.

Nimekaa mstari wa mbele. Mkono juu mara nne. Mara ya kwanza nikauliza kama Mwalimu amekula. Darasa likacheka. Mwalimu akasema humu ndani hakuna mama wala mwana, kuna mwalimu na wanafunzi. Nikasema sawa, Mwalimu, lakini umekula?

Msusi akaninong'oneza kwamba mdomo wangu utamkosesha mtoto kazi. Huyu ni jirani yangu mara mbili: darasani tunakaa dawati moja, na kibanda chake cha kusukia kimepakana na cherehani yangu. Wivu tu. Ana watoto wawili na hakuna hata mmoja anayemfundisha mtu kitu.

Alhamisi, 5 Machi

Madaftari yamerudi. Nimefungua langu nikitafuta alama ya vema, tena kubwa. Hakuna! Pembeni ya hesabu ya tatu, kwa penseli: "Hapa ulifikaje?" Nilifikaje! Nilibahatisha, ndivyo nilivyofika. Lakini mambo hayo hayaandikwi.

Msusi naye kaandikiwa: "Nimependa ulivyofuta ukaanza upya." Tangu lini mtu akasifiwa kwa kufuta? Daftari lake limetoboka kwa kufutwa. Amenionyesha ukurasa huo mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa na mteja.

Nyumbani nikamuuliza binti kwa nini hakuniwekea hata vema moja ya kunipoza moyo. Akasema vema inamwambia mtu amemaliza, swali linamwambia aendelee. Akasema pia mtu akiwa na hofu ya kukosea, hata ufundishe kwa tarumbeta hasikii. Maneno mazuri. Nimeyarudia kwa wateja wanne, kama yangu.

Ila nikuambie wewe tu, daftari. Anasema haraka. Hesabu za sehemu zinanipita hivi hivi. Na mimi niliyeishia darasa la nne, nitanyooshaje mkono kumwambia mwanangu sijaelewa? Basi natikisa kichwa kama anayeelewa. Leo shingo inauma.

Jumatatu, 23 Machi

Mkuu wa kituo kaingia darasani na karatasi za maoni. Kila mwanafunzi aandike anavyomwona mwalimu. Tuko kumi na saba. Bila jina! Nikafurahi, nikatoa yote ya moyoni: "Anasema haraka. Naona haya kuuliza, maana ni mwanangu, na sitaki anione mjinga." Nikakunja. Roho nyeupe.

Mkuu akazitia zote kwenye bahasha. Akasema ataifungua Ijumaa, na kwamba zile karatasi ndizo zitakazoamua kama Mwalimu anabaki au anaondoka.

Anaondoka!

Njiani nikakumbuka kwamba nimeandika "ni mwanangu". Bila jina, eti. Nilibakiza kubandika picha.

Na Msusi ameandika ukurasa mzima, ameufunika kwa mkono. Ukurasa mzima wa nini, kama si kumchongea mtoto wa watu?

Jumanne, 24 Machi

Njia imepatikana! Mapazia ya ofisi ya Mkuu yamechakaa hadi yanaonyesha nje. Nimejipeleka na futi yangu ya kupimia. Nikamwambia nampa mapazia mapya bure, zawadi yangu kwa elimu. Akafurahi, akanipisha nipime kwa nafasi. Bahasha ilikuwa mezani, chini ya kikombe. Kikombe kikabaki, bahasha ikaingia mkobani.

Nilitaka kuchomoa yangu tu. Naapa. Lakini mama gani atakayeshika bahasha nzima, aziache nyingine kumi na sita zimseme mtoto wake zitakavyo? Sikuzisoma. Nilichungulia ya Msusi tu, nikaona inaanza na "Kusema kweli", nikaikunja haraka. Maneno yanayoanza hivyo nayajua yanakoishia. Zote nimezisukuma ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi.

Karatasi tupu binti anazo nyumbani, masalio ya zile za maoni. Nimeandika mpya kumi na saba. Kalamu, penseli, mkono wa kulia, mkono wa kushoto. Mume wangu akauliza naandika nini. Nikasema kazi ya darasani. Akasema hajawahi kuniona na bidii ya namna hiyo, akaenda kuniwekea chai. Nikaona haya kidogo. Chai nikanywa.

Jumatano, 25 Machi

Mapazia yametundikwa. Bahasha imerudi chini ya kikombe chake. Karatasi nimezibana pamoja kwa pini zisitawanyike, kazi safi. Nikamwambia binti Ijumaa atapata habari njema. Akauliza nimejuaje. Nikamwambia moyo wa mama haudanganyi. Mikono ya mama sikuitaja.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeitwa ofisini. Mkuu alikuwa amefunga kidole. Pini yangu ilimchoma. Binti alikuwa amekaa pembeni, macho mekundu. Mkuu akasoma kwa sauti, bila haraka:

"Somo lake limekaa vizuri mabegani, halibani kwapani."

"Sijaona mwalimu mwenye pindo nadhifu kama huyu."

Ile niliyomwandikia fundi baiskeli wa darasani kwetu, kwa mkono wa kushoto: "Nikilivaa somo lake, hata mke wangu ananiangalia mara mbili."

Akauliza darasa lina mafundi cherehani wangapi. Nikatazama mapazia. Yametulia, kusema haki. Nikajibu: mmoja.

Akasema mtu yeyote angedhani Mwalimu ndiye aliyetuma karatasi zibadilishwe. Akasema mambo yakiwa hivyo hawezi kumwajiri. Hapo binti akalia. Hakutoa sauti. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni, anauma ukosi wa gauni. Akaniambia, Mama, mwezi mzima nimezisubiri zile karatasi. Nilitaka kujua nakosea wapi.

Mimi nilidhani anataka sifa. Nani hataki sifa?

Nikasema ni mimi, peke yangu, mtoto hajui kitu. Nikatoka mbio. Duka langu, cherehani, droo, bobini, karatasi. Nimerudi na kiatu kimoja mkononi, ukanda umekatika.

Mkuu akasoma zile za kweli. Fundi baiskeli anaomba mifano ya magurudumu. Mmoja anaomba feni. Ikaja ya Msusi, ule ukurasa mzima: "Kusema kweli, utotoni nikikosea nilichekwa, nikaacha shule. Huyu nikikosea ananiuliza nilifikaje. Anataka kujua hasa. Sasa nafuta bila kuogopa." Nikatafuta leso, nikakosa, nikatumia ncha ya pazia.

Ya mwisho yangu. Mkuu akaitazama, hakuisoma. Akampa binti. Binti akasoma, akarudia, akaikunja ndogo kabisa akaitia mfukoni. Na mimi, andika hili daftari, nikainama kuufunga fundo ukanda wa kiatu.

Mkuu akasema Jumatatu ataingia darasani kujionea mwenyewe. Jibu Jumanne.

Jumatatu, 30 Machi

Mkuu alikaa nyuma kabisa, kidole bado kimefungwa. Nimekaa mikono chini. Sikumuuliza Mwalimu kama amekula. (Amekula. Nilimwangalia mwenyewe.)

Mwalimu kaingia na kipande cha kitambaa. Akakikunja: nusu. Akanyamaza. Akakikunja tena: robo. Akanyamaza. Kisha akasema anayeachwa nyuma asinyooshe mkono, agonge dawati tu. Yeye atageukia ubao asione nani kagonga, halafu atarudia.

Akageuka. Kimya. Moyo wangu ulienda mbio kuliko cherehani. Nikawaza: nikigonga, Mkuu ataandika kwamba mwalimu haeleweki. Nisipogonga, nitakufa sijui sehemu.

Nikagonga.

Pembeni yangu Msusi akagonga. Fundi baiskeli akagonga kwa spana. Mara darasa zima, kama mvua juu ya bati. Na nyuma kule, nilisikia kwa masikio yangu, Mkuu naye kagonga!

Mwalimu akarudia, taratibu, mkunjo kwa mkunjo. Nimeelewa, daftari! Miaka thelathini nakata robo na nusu ya robo, kumbe ndizo hizo hizo! Nikapiga kelele kidogo. Msusi akanikumbatia, mafuta ya nywele yote begani kwangu. Sikusema kitu, ingawa blauzi ni ya hariri.

Daftari langu limerudi na swali la penseli: "Na safari hii ulifikaje?" Nimejibu chini yake: "Kwa kugonga."

Jumanne, 31 Machi

AMEAJIRIWA! Barua ninayo hapa, nimeshaipiga pasi. Mkuu kaandika kwamba amependezwa na mwalimu anayesikia anapokosea na kurekebisha somo linalofuata. Akaongeza kwa mdomo kwamba mapazia ni mazuri, ila nikienda tena ofisini mkoba niuache nje.

Nimewaalika wote nyumbani. Wanafunzi wenzangu kumi na sita na Mkuu. Kila mmoja atasimama amwambie Mwalimu neno. Binti amenishika mikono yote miwili, akaniomba: Mama, waache watu waseme yao, hata kama ni ya kunikosoa. Nikamwambia nimejifunza, mwanangu, tena nimejifunza vibaya sana.

Akaenda kuoga. Nikakaa nikawaza. Fundi baiskeli akikwama je? Mkuu akisahau kumtaja mama mzazi je?

Basi nimewaandikia. Karatasi kumi na saba, kila mtu yake, nitawapa mlangoni. Safari hii niko macho: neno la kushona hakuna hata moja! Msusi amenipa maneno, tumekaa kama mtu na dada yake. Mkuu atasimama aseme Mwalimu amelisuka darasa likashikamana, njia zimenyooka, na hakuna aliyevutwa nywele. Pini pia sijatumia. Karatasi nimezitia pindo pande zote nne.

Jumamosi hii, saa tisa alasiri. Waje wote.