Tikiti Ndani ya Sanduku la Mbao

Jumatatu, 10 Julai
Nisamehe, daftari. Tangu Aprili sijakuandikia hata mstari. Nilikuweka juu ya friji mwanangu Konoha asikuchore, kisha ikawa kazi, kufua, kulala, kazi. Leo nimekushusha kwa sababu nina mpango na sina wa kumwambia.

Hali ilivyo: kampuni imemhamishia mume wangu Tetsuro kwao Kumamoto, mwisho mwingine wa nchi. Mimi na Konoha tumebaki Sendai. Siku za Obon, katikati ya Agosti, roho za wafu zinaporudi nyumbani, Tetsuro hawezi kuja huku. Ni mtoto wa kwanza, lazima awe kwao kuwawashia mababu taa. Basi twende sisi. Basi nahitaji likizo. Na wiki hiyo hoteli ninayofanyia kazi imejaa hadi mlangoni. Wafu wanapata likizo, mimi sipati!

Anayepanga zamu ni Bi Mimura, msimamizi wetu. Leo nimempa zawadi ya kiangazi: sanduku la tambi nyembamba, zile za kula na barafu. Karatasi nzuri, utepe, kuinama mpaka mgongo ukalia. Likizo sikuitaja. Mstaarabu hataji. Atakula tambi, atanikumbuka, moyo utamsuta, atanipa Obon. Rahisi!

Ijumaa, 14 Julai
Balaa. Bi Mimura naye kanipa zawadi. Tunda la tikiti, la bei mbaya! Moja, peke yake, ndani ya sanduku la mbao, limelazwa kama mtoto mchanga. Kasema hapendi kukaa na wema wa mtu bila kuulipa, na kwamba nimlishe mwanangu, amekonda. Tambi zangu na tikiti lile si daraja moja hata kidogo. Sasa mwenye deni la wema ni mimi!

Otaki wa mapokezi kaliona, akauliza kama nimeposwa.

Tumelila na Konoha kwa kijiko hadi kwenye ganda. Nilimwekea Tetsuro kipande. Kisha nikakumbuka alipo. Nikakila nimesimama.

Jumanne, 1 Agosti
Nilikuwa namfunga mgeni mkanda wa yukata, lile vazi jepesi la kiangazi, Bi Mimura aliponiita kando. Mama yake amezeeka, angependa Obon hii awe naye Yamagata. Zamu zake zinataka mtu wa kuaminika. Akanitazama. Lile tikiti lilikaa katikati yetu, japo lilishaliwa zamani. Ningesemaje? Nikainama. Nikasema nitazishika kwa furaha. Kwa furaha! Ulimi huu ungekuwa wa mtu mwingine ningeupaka pilipili.

Jioni Tetsuro kapiga. Konoha siku hizi kila simu anaiita Baba. Juzi nilipita naye mapokezi, akaiinamia simu ya mezani na kuiambia ale vizuri. Habari ya zamu sikuisema. Nilisema tu kuna joto.

Jumamosi, 5 Agosti
Mpango wa pili! Kesho inaanza Tanabata, sikukuu ya nyota. Tumesimamisha mwanzi ukumbini, wageni waandike maombi yao kwenye vikaratasi na kuyatundika. Anayegawa vikaratasi ni nani? Mimi. Jana nilimshika Konoha mkono tukaandika pamoja, herufi zimelala kila upande: Baba, nataka kukuona Obon. Jina sikuweka, jina lingekuwa kuomba waziwazi. Nimekitundika chini kidogo, sawasawa na miwani ya Bi Mimura, ambaye ni mfupi.

Jumatatu, 7 Agosti
Kakisoma! Mbele yangu! Katoa kitambaa, kafuta macho. Nikajiweka tayari kuinama. Akasema maskini, sijui ni mtoto wa mgeni gani, kisha akaamuru kihamishiwe mlangoni, kila aingiaye akione.

Wageni wamepanga foleni kukipiga picha. Mzee mmoja wa Osaka, nikimmiminia chai baridi ya shayiri, akasema baba wa mtoto huyo ana roho ya jiwe. Ikanibidi nimtetee mume wangu bila kusema ni wangu. Nikasema huenda kazi imempeleka mbali. Huenda naye halali vizuri. Mzee akasema, “Binti, wewe una huruma kupita kiasi.” Nikaenda stoo kukunja taulo zilizokwisha kukunjwa.

Konoha kauliza kama wale nyota wawili, wanaoruhusiwa kuonana mara moja tu kwa mwaka, leo wameonana. Nje mvua. Nikasema wanangojana chini ya mwavuli. Akataka kujua mwavuli wa nani.

Jumatano, 9 Agosti
Ratiba imebandikwa. Otaki ana likizo Obon nzima! Otaki, ambaye hajawahi kumpa Bi Mimura hata peremende! Nikamuuliza alitoa nini. Kasema hakutoa kitu, aliomba. Kuomba vipi? “Nilimwambia, Bi Mimura, naomba Obon. Akasema haya.” Tena tangu Juni. Kisha akanishangaa. “Kwani wewe ulitaka, dada? Mbona Bi Mimura anakusifu kila kona! Anasema wewe ndiye pekee usiyelilia likizo, na juu ya hayo ukaleta zawadi.”

Tambi zangu zilisomeka hivyo!

Muda wa kuomba ulikuwapo bado. Nilifika mlangoni kwake. Alikuwa anafunga zawadi za mama yake huku anaimba. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Usiku nikamwambia Tetsuro ukweli. Akauliza, “Lakini ulimwomba?” Nikamjibu mambo ya ofisi hayaelewi, alale.

Jumapili, 13 Agosti
Zamu. Nimenyunyiza maji mlangoni kupoza lami, nimetabasamu, nimevalisha familia nzima nzima yukata. Kina baba wote wanataka picha, na mpiga picha ni mimi.

Tetsuro kapiga, taa imeshawashwa. Kaweka mito miwili ya kukalia, mmoja wangu, mmoja wa Konoha. Mama yake kauliza ya nani. Kamwambia ya wageni wanaochelewa. Konoha akapokea simu, akamwambia amsogezee wake karibu. Kausogeza. Nilisikia ukiburuzwa kwenye mkeka.

Jumatano, 16 Agosti
Bi Mimura amerudi, uso umenawiri. Kaniletea pichi za Yamagata, kasanduku kazima! Akasema siku nikitaka mapumziko, niseme tu. Niseme tu! Kama vile watu hujisemea tu.

Lakini kosa langu nimeliona. Tambi zilikuwa kidogo. Mwisho wa mwaka nitampa zawadi nzito asiyoweza kuilipa, na mwaka mpya tutakuwa Kumamoto. Kesho nampigia Mama huko Akita. Atume:

Figili zilizokaushwa kwa moshi, zile nene, tano za Bi Mimura na moja yangu.
Mchele mpya, mjomba akishavuna.
Chupa ya sake, pombe ya mchele ya kijijini, bei ibanduliwe.
Karatasi ya dhahabu iliyobaki harusini kwangu.
Na yukata ya Konoha, saizi ya juu. Ya mwaka huu imeshambana, na baba yake hajaiona.