Jiwe la Pipa la Achari

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimekwisha! Askari wamemchukua Kemal wa mtaa wa chini. Kosa lake: jiwe la magofu ya kale ya Wagiriki, mali ya serikali, alilolifanya kizingiti cha banda la kuku. Jiwe moja tu! Nimekimbilia jikoni. Juu ya kabichi, ndani ya pipa la achari, limelala jiwe la marehemu babu. Limechongwa maua! Nikaruka nyuma. Mke wangu Sabriye akauliza kama nimeona nyoka. Heri nyoka.

Jumanne, 8 Oktoba
Mbinu: nitaingia magofuni kama mtalii, jiwe mkobani, nilitue humo, nitoke. Sabriye anasema kabichi bila jiwe itaelea ioze, na mama yake anakuja Jumapili kuionja. Nikamwambia mama yake hafungi watu jela. Akasema hilo nisiwe na uhakika nalo.

Jumatano, 9 Oktoba
Balaa! Mlinzi wa zamu magofuni ni Durmush, jirani tuliyenuniana naye tangu ugomvi wa mzeituni. Leo kajaa upendo. Eti miaka hamsini naishi hapa sijawahi kuingia, basi atanitembeza mwenyewe! Hekalu, ukumbi wa michezo, bandari iliyofukiwa na matope. Saa mbili nzima hakubanduka. Bega linawaka, jasho hadi kwenye soksi. Tulipofika mlangoni akasema haya jirani, fungua mkoba, kila anayetoka hukaguliwa.
Nikazimia. Si mbinu, nilizimia kweli.

Alhamisi, 10 Oktoba
Niko huru! Jana walipolitoa jiwe mkobani, Daktari Feride, mkuu wa wachimbaji wa mambo ya kale, aliligeuza akacheka hadi miwani ikadondoka. Upande wa chini, uliolowa chumvi miaka yote, kuna jina la babu na mwaka. Alilichonga mwenyewe, si la magofu! Daktari akaliomba liwekwe ofisini kwake. Nikampa. Saa ile angeniomba hata figo ningempa.

Jumamosi, 12 Oktoba
Kabichi inaelea. Harufu! Mawe ya ufukweni ni ya mviringo, yanateleza. Sabriye anatazama kalenda tu. Mama mkwe kesho!
Asubuhi nikapita penye tundu la uzio wa magofu, nyuma ya ukumbi wa michezo. Nimepata jiwe bapa, zito, lina mstari mzima wa Kigiriki. Limekaa barabara! Maandishi nimeyalaza chini, kwenye chumvi, kama babu.
Sina hofu tena. Hata Daktari Feride nimemkaribisha kesho aje aonje. Nani atageuza jiwe la achari?