Kaburi la Elias wa Magu

Jumatatu, 4 Julai 1994

Chenge, huna haya! Mwenyekiti wa mtaa mzima unasimama mbele ya watu wazima unachekacheka kama umepewa mke! Eti serikali itajenga nyumba za ghorofa hapa Mkolani, uwanjani, juu ya jiwe langu. Jiwe ninaloanikia michembe ya viazi tangu huku ni pori! Nitakula nini mpaka mavuno? Nikamuuliza watakaa akina nani humo. Akasema yeyote atakayeomba, kabila halitaulizwa. Wajaluo wakapiga makofi. Aliyezidi wote ni Aoko, anayeanika dagaa upande wa pili wa jiwe. Nimemwona! Wasukuma wakazomea, Wajaluo wakazomea, kiti kikaruka. Mkutano umevunjika. Kiti si mimi. Mimi nilirusha kandambili tu.

Jumatano, 6 Julai

Nimepata akili. Wapimaji wa viwanja wa serikali hawagusi kaburi! Alfajiri nimemwamsha mwanangu Josephat, tumerundika udongo kando ya jiwe, tumesimika msalaba wa mbao za kitanda chake. Analalamika atalala wapi. Hana shukrani. Adhuhuri wapimaji wamefika, wamevua kofia, wameondoka. Mmoja akauliza nani kalala pale. Nikasema kaka yangu, Elias wa Magu. Ndilo jina lililonijia. Elias mwenyewe hajanitembelea tangu mwaka juzi, kwa hiyo si uongo sana. Josephat akaliandika msalabani.

Alhamisi, 7 Julai

Sabasaba. Wenzangu wanapumzika, mimi nina msiba. Aoko amesikia. Amekuja analia tangu barabarani, nyuma yake wanawake wa Kijaluo wamejaza njia. Amenigombeza: mtu gani anazika ndugu yake kimyakimya kama paka? Kwao Rorya marehemu haachwi mpweke. Wametandika mikeka, hawaondoki mpaka matanga yaishe. Nimelia nao. Ningefanyaje? Wasukuma wakaona aibu, nao wakaja. Wote wana matumbo!

Jumamosi, 9 Julai

Michembe inakwisha! Aoko ameleta gunia la dagaa, hakuniomba kitu. Amemsifu marehemu mpaka nami machozi ya kweli yakanitoka. Eti alikuwa fahali mlinzi wa zizi. Elias! Anayekimbia bata! Wasukuma na Wajaluo wanapika chungu kimoja, ugomvi wao ni chumvi tu. Inaudhi. Siku tano zilizopita walikuwa wanazomeana vizuri.

Jumapili, 10 Julai

Balaa! Elias kaja. Habari zilifika Magu kwamba kwangu kuna msiba, na yeye, kichwa cha kokoto, hakuuliza wa nani. Kapiga magoti kaburini, kalia kuliko wote, kapenga kamasi, ndipo akauliza tumempoteza nani. Chenge akamsomea msalaba kwa sauti. Elias akaanguka chali. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Chenge akatuma mtu kuwaambia wapimaji kaburi ni tupu.

Aoko hakucheka. Kanifuata jikoni, kadai nimrudishie machozi yake, dagaa kanisamehe. Kisha akasema ningemuuliza tu. Ghorofa naye haitaki, huko juu ataanika dagaa wapi? Makofi yake yalikuwa ya kabila kutoulizwa, basi. Akasema twende wote Nyamagana kwa wakubwa, Msukuma na Mjaluo, jiwe moja, hapo watatusikia. Nikamwambia nitafikiri.

Jumanne, 12 Julai

Nimefikiri. Kumbe Aoko analitaka jiwe lote! Leo twende Nyamagana pamoja, kesho michembe yangu inanuka dagaa wake! Kilio chote kile kilikuwa mtego. Siendi naye popote. Wapimaji wanarudi keshokutwa. Elias bado yupo, anakula, kachukua kitanda changu, na anataka sifa za fahali zirudiwe.

Josephat, acha kununa. Kesho alfajiri jembe liwe mlangoni, ung'oe na mbao za kitanda changu, Elias alale chini. Kaburi liwe upande wa Aoko. Na safari hii tumzike mtu asiye na nauli.