Trekta Lililoogopa Kamba ya Nguo

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha familia, sebuleni kwa Mama. Kaka amekalia kiti cha marehemu baba, kama kawaida yake. Ana duka la saruji, na tangu alifungue anaongea kama mtu anayefungua mkutano. Ndiyo maana akiwa hayupo tunamwita Mwenyekiti. Ajenda ya leo: trekta la baba. Limekaa bandani tangu baba atutoke. Limeshika kutu, kuku wanataga kwenye kiti chake. Kaka ameshazungumza na mnunuzi wa vyuma chakavu. Atakuja na lori Jumamosi ya wiki ijayo.

Nilimtazama Mama. Alikuwa anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja tena. Maneno yakanitoka kabla sijayafikiria: nikasema trekta liko karibu kuwaka, nimekuwa nikilishughulikia kimyakimya. Uongo mtupu! Sijawahi kulishughulikia zaidi ya kuokota mayai.

Kaka amecheka hadi kiti kikalia. Akasema haya basi, siku hiyo litoke bandani kwa nguvu zake lenyewe, lifike kwenye sanamu la kufukuza ndege mwisho wa shamba, lirudi. Likirudi, linabaki. Likizimika njiani, linapandishwa lorini pale pale. Nikakubali, tena kwa kujipiga kifua. Mama akaniuliza polepole kama kweli atalisikia tena. Nikamwambia atalisikia mpaka alichoke.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ameniuliza naanza na nini, injini au matairi. Rangi, nimemwambia. Amenitazama vile anavyomtazama mtoto aliyemeza kifungo. Lakini nina hoja zangu. Mtu akioga anachangamka. Chuma nacho kwa nini kisichangamke? Tena Mwenyekiti akipita akaliona linang'aa, ataanza kukosa usingizi.

Rangi iliyopo ni ya bluu, mabaki ya geti letu, nzito, imeganda juu. Nimeikoroga kwa kijiti. Nimepaka boneti, madigadi, kiti, usukani, tenki la mafuta pamoja na kifuniko chake. Kifuniko nimekipaka mara mbili, maana kilikuwa na kijitundu katikati, kibaya kukitazama. Nimekiziba vizuri. Kuku mmoja amekataa kuhama, na sasa ana mkia wa bluu. Kazi safi!

Alhamisi, 6 Machi

Injini haizunguki. Nimeining'inia hendeli ya kuizungushia, miguu yote hewani, wala haikutikisika. Nimemimina oili kwenye matundu ya plagi nikaiacha ilainishe. Mke wangu amesafisha kabureta kwenye beseni kwa mswaki mkuukuu. Baadaye nimegundua kwamba mswaki ni wangu, na haukuwa mkuukuu.

Jioni, mpango. Kuna fundi wa gereji ya sokoni. Kumwita afanye kazi ni kukiri mbele ya Kaka kwamba nimeshindwa. Lakini kumkaribisha chai si kosa. Nimeweka meza ya chai bandani, mbele ya boneti iliyofunguliwa, kana kwamba ndipo tunaponywea siku zote. Ataona tu, nikajiambia. Mkono utamwasha, atagusa hiki na kile.

Amekunywa vikombe vitatu. Ameumaliza mkate. Amenisimulia habari za jino lake tangu lilipoanza kuuma hadi lilipong'olewa. Wakati wa kuondoka ameegemea tenki, akatazama kiganja chake, akasema rangi hii haijakauka. Huo ndio ushauri wote wa kitaalamu nilioupata. Mkate mzima!

Jumamosi, 8 Machi

LIMEWAKA!

Petroli mpya, plagi mpya. Nimezungusha hendeli mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Mara ya tatu hendeli imenirudi ikanitupa kwenye majani makavu. Nikiwa bado chini, mke wangu ameizungusha mara moja tu, likawaka. (Nilikuwa nimeshailainisha.) Moshi mweusi, kelele, kuku wote mbio kwa jirani. Mama ametoka jikoni na mwiko mkononi, mchuzi unadondoka miguuni pake wala haoni. Amesimama tu. Kisha amecheka. Sijamsikia akicheka vile tangu msiba. Ikabidi nijifanye nashughulika na gia, maana machozi yalikuwa yamenijaa.

Nimelitoa bandani. Limepanda taratibu, limepita pipa la maji, limepita mlango wa jikoni, limefika kwenye kamba ya nguo. Hapo likakohoa. Likazimika.

Mama amerudi jikoni. Uzuri banda liko bondeni, nimeachia breki likarudi lenyewe kinyumenyume. Tumekula, tumepumzika. Limewaka tena bila matata, limepanda vizuri, limezimika pale pale kwenye kamba ya nguo.

Jumatatu, 10 Machi

Mara nne leo. Linawaka, linapanda, linafika kwenye kamba ya nguo, linazimika. Tukilirudisha bandani likapumzika, linawaka tena kama si lenyewe.

Mke wangu amesema anadhani anajua. Kile kijitundu cha kwenye kifuniko, amesema, ndiko tenki linakovutia hewa. Nimekiziba kwa rangi, kwa hiyo petroli ikishashuka kidogo inakwama. Ni kama kopo la maziwa, amesema: ukilitoboa tundu moja tu, maziwa hayatoki. Nimemweleza kwa upole kwamba trekta si kopo la maziwa. Tenki halina pua, litavutaje hewa? Yeye amejaliwa mambo mengi, lakini haya ya injini aniachie.

Maana mimi tatizo nimelipata. Ni kamba ya nguo. Linazimika pale kila mara, si hatua mbele wala nyuma. Mtu anataka ushahidi gani zaidi? Labda ni zile shuka zinavyopepea. Trekta la zamani, limezoea shamba tupu, lazima lishtuke. Nimeing'oa kamba na miti yake nikaihamishia nyuma ya choo. Mke wangu amechukua mto wake na kuhamia chumbani kwa Mama.

Jumanne, 11 Machi

Kamba haipo. Limezimika pale pale. Inaonekana bado linaikumbuka.

Kaka amepita akiwa na wateja wake wawili. Amewaonyesha trekta kwa mbali, kwa kidole, na wote wamecheka. Amenipigia kelele akiuliza kama mdogo wake anatengeneza trekta au anatengeneza geti. Nimejifanya sijasikia. Nimemjibu baadaye, bandani, maneno makali sana, kuku wakiwa mashahidi.

Alhamisi, 13 Machi

Mpango mpya. Huu sasa ni wa akili. Makubaliano yanasema trekta lifike kwenye sanamu. Hayasemi popote sanamu liwe wapi!

Jua lilipozama nimeenda mwisho wa shamba. Sanamu letu ni miti miwili iliyofungwa pamoja, kofia, na koti la mvua la baba ambalo Mama mwenyewe alilivalisha. Nimeling'oa, nimelibeba begani. Ni zito kuliko nilivyodhani. Nikiwa katikati ya shamba, nani huyo anayekuja njiani? Mwenyekiti, anakuja kumsalimu Mama! Nikalisimamisha sanamu chini, nami nikasimama kando yake, mikono nimeinyoosha, pumzi nimeibana. Amepita bila kugeuka. Nimejipongeza. Kisha nikamsikia mlangoni akimwambia Mama kwamba siku hizi shamba lina masanamu mawili, na moja lina kitambi.

Si kitu. Hakujua ni nini. Nimelichimbia hatua chache kabla ya pale ilipokuwa kamba ya nguo.

Ijumaa, 14 Machi

Mama amefungua dirisha asubuhi na hakuondoka hapo. Koti la baba lilikuwa limesimama karibu kabisa na jikoni, mikono wazi. Ameniita. Hakupandisha sauti, na ni heri angepandisha. Amesema baba yenu amelima shamba lile miaka yote ya ndoa yetu, na sijamwona hata siku moja akigeuza trekta kabla ya kufika mwisho. Kamrudishe. Hakusema "kalirudishe". Alisema "kamrudishe".

Nimemrudisha. Nimefunga vifungo vya koti vyote hadi cha shingoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kuniona. Nikakaa pale kwenye tuta. Nina huzuni, sioni haya kuiandika. Sijali Kaka akinicheka, nimeshazoea. Lakini kesho wakilifunga lile trekta minyororo na kuliburuta mbele ya Mama, baada ya mimi kumwambia atalisikia mpaka alichoke, sijui nitamtazama kwa macho gani.

Nimelijaribu mara moja tu. Pale ilipokuwa kamba ya nguo, kimya. Mke wangu ametaja tena habari za kifuniko. Nimemwomba leo asinichanganye.

Jumamosi, 15 Machi

Lori limefika tukiwa bado tunakunywa chai. Mnunuzi wa vyuma amelizunguka trekta, analigonga kwa kidole na kusikiliza, kama anachagua tikiti maji. Kaka amebebewa kiti cha baba hadi uani, amekaa katikati. Minyororo imeshushwa. Mama amekaa kwenye ngazi ya jikoni na kile kitambaa chake.

Mara, balaa. Kifuniko cha tenki hakipo! Nimetafuta chini ya kiti, kwenye viota, kwenye kapu la zana. Mke wangu alikuwa amesimama tu, mikono mfukoni mwa aproni. Amesema labda kuku. Kuku gani wa kufungua kifuniko! Akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akakichomeka kwa kulegea mdomoni mwa tenki, akaniambia nipande. Nimemwambia hii ni fedheha. Trekta limepakwa rangi juzi tu, litembee na tambara kichwani mbele ya wageni? Akaniambia, "Baba watoto, panda."

Nimepanda.

Limewaka kwa hendeli ya kwanza (ya mke wangu). Pipa la maji. Mlango wa jikoni. Pale ilipokuwa kamba nikafumba macho, nikangoja kile kikohozi. Kelele ikaendelea. Nikafumbua. Tulikuwa shambani! Nikapiga ukelele, sijui hata nilisema nini. Limekwenda moja kwa moja hadi mwisho, kwa baba, kwenye sanamu, nimelizungusha pale, nikavua kofia nikamsalimu kwa heshima zote, nikarudi.

Mama alikuwa amesimama. Analia na kucheka kwa pamoja, anapunga kile kitambaa kama mtu anayemsindikiza msafiri. Nilipofika uani alisema nisizime. Basi sikuzima. Tumekaa tunalisikiliza wote, hata mnunuzi wa vyuma.

Kaka ameinuka kitini. Amekuja, ameweka kiganja juu ya digadi la kushoto, hakukiondoa. Kisha amesema, si kwa sauti yake ya mikutano, kwamba baba alikuwa akimkalisha hapa akienda shamba, kabla mimi sijazaliwa. Sikuwahi kujua. Alipoondoa mkono ulikuwa wa bluu, na hakulalamika. Mnunuzi wa vyuma ameondoka na toroli letu lisilo na gurudumu, ili asirudi mikono mitupu.

Mezani wameniuliza siri ni nini. Nimewaeleza bila kutia chumvi: kamba ya nguo. Niliihamisha mapema, trekta likapata siku kadhaa za kuisahau. Haya mambo yanataka subira. Mke wangu amechukua kikombe chake na kwenda kunywea nje.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema. Mke wangu amerudi chumbani na mto wake. Kaka ameniita "fundi" mara mbili, na mara moja hakuwa anatania. Na Mama ameniomba jambo: kesho nimpeleke sokoni kwa trekta, akae juu ya digadi kama enzi zile, mashoga zake wamwone. Ni mbali, kupita daraja na kile kilima kirefu, lakini nimeahidi. Kaka amesema tukishafunga tela atapakia na saruji yake. Nimesema apakie tu, nguvu ipo.

Asubuhi mke wangu amenikabidhi kifuniko. Alikuwa nacho yeye! Kilikuwa mfukoni mwa aproni jana yote! Nimemsamehe, mimi si mtu wa kinyongo. Ila kimeharibika. Mtu amekichoma katikati kwa sindano ya magunia, rangi imebanduka, kile kijitundu kimerudi. Akaanza kunieleza jambo, macho yake makali, lakini nikamshika bega nikamwambia asijisumbue, ajali hutokea, nitakitengeneza.

Rangi ilibaki kidogo chini ya kopo. Nimekipaka mara moja, mara mbili, na mara ya tatu kwa uhakika. Kimekauka vizuri. Nimekiinua juani, haupenyi hata uzi wa mwanga. Nimekikaza kwenye tenki kwa mikono miwili.

Tambara nimelirudisha jikoni. Halafu nimetembea njia yote ya sokoni hadi kwenye kilima, nikibisha hodi kila nyumba iliyo kando ya barabara, nikiwaomba kesho wasianike nguo. Abiria ni mama yangu, na kwenye usalama mimi sifanyi mzaha.