Blada Niliyoifungia Redio Darajani

Leo aibu imenijua kwa jina. Na kwa sauti pia.

Mnajua mimi ni mtu wa redio. Mvua ikizidi, kaunti hutupanga sisi wa kujitolea kando ya mto na redio za mkononi, maana stima ikipotea simu nazo hulala. Mimi nilipewa daraja la huku Donholm. Kazi yangu ni kutazama nguzo. Maji yakifika alama nyekundu, nipige kelele watu wa chini wahamishwe. (Nguzo hiyo nimeitazama leo kuliko nilivyowahi kumtazama mke wangu.)

Mwanzoni mambo yalikwenda sawa. Akinyi, mwenzangu aliyetumwa kwenye nyumba za kando ya mto, akaita:

"Kituo, Mama Nekesa amekataa kutoka! Anasema bila kuku zake haendi mahali. Maji yako mlangoni. Ova."

"Mbembeleze, Akinyi. Ikizidi, itisha mashua," akajibu Madam Auma, msimamizi wetu, kutoka kituoni Makongeni.

Hapo mvua ikanyesha mpaka vyura wakatafuta mwavuli. Nikahofia redio italowa. Akili yangu ya shule ya usiku ikachapa kazi: nikaivisha karatasi ya nailoni ya mkate, nikaifunga na blada, ile mipira ya tyubu ambayo watu wa nduthi, hizi pikipiki za abiria, hufungia mizigo. Nikakaza. Nikakaza tena. Kazi safi!

Redio ikanyamaza.

Sikujali. Pembeni yangu kulikuwa na mama wa mahindi choma, amejikunyata na jiko lake. Nikaanza kumpigia domo.

"Unasikia kimya hiki, mama? Madam Auma amesinzia. Yule hata hajui tofauti ya antena na mwiko. Nairobi hii naishikilia mimi."

"Haya, ishikilie vizuri. Maji yanapanda."

Nikageuka. Nyekundu!

Nikabonyeza kitufe juu ya karatasi. "Kituo, maji yamefika nyekundu! Hamisheni watu! Ova!"

Kimya.

"Kituo! Akinyi! Yeyote!"

Kimya. Hata ile mikwaruzo ya kawaida haikuwepo. Nikajua basi, kituo kimezolewa. Akinyi kazolewa. Mama Nekesa na kuku wake wako njiani kwenda Mombasa. Tumebaki wawili tu Nairobi nzima, mimi na mama wa mahindi! Nikapiga magoti kwenye tope, nikaomba kwa koo lote la kwaya:

"Baba, mpokee Akinyi! Mpokee Mama Nekesa, hata kuku wake uwapokee! Lakini mimi niache kidogo, Baba. Siwezi kuogelea, na Madam Auma anadhani naweza!"

Nduthi ikafunga breki nyuma yangu. Madam Auma mwenyewe! Amelowa chapachapa. Hakunisalimia. Alininyang'anya redio, akaing'oa blada kwa meno.

"Blada yako imebonyeza kitufe tangu ulipoifunga! Ukibonyeza wewe, husikii mtu na hakuna mwingine anayesikika. Si nilikufundisha?"

"Kwa hivyo... mlikuwa mnanisikia?"

"Kila kitu. Nyekundu tumesikia, watu wanahama. Na mwiko pia tumesikia."

Kabla sijapata pa kuficha uso, redio ikalipuka. Alikuwa Akinyi.

"Mashua! Jamani, mtu anisikie! Mama Nekesa hatembei tena, nimempandisha juu ya meza, na maji yanaifunika meza!"

Madam akaita mashua pale pale. Kisha tukangoja. Hapo, ndugu zangu, mzaha uliniisha. Nilikuwa naona kipande cha tyubu kikielea kwenye dimbwi, nikifikiria mama wa watu, na muda wote aliokuwa akiita Akinyi huku mimi nikijisifu. Madam alikazia macho mto tu. Afadhali angenitukana.

Redio ikakwaruza.

"Kituo, tumetoka," Akinyi akasema, anahema. "Mimi, Mama, na kuku wote. Mama anataka kuongea."

Ikaja sauti ya bibi, kavu kabisa: "Yule pasta aliyekuwa anatuombea yuko hapo?"

Madam akaniwekea redio mdomoni. (Safari hii kitufe alikishika yeye.)

"Niko, Mama."

"Maombi yako yana nguvu, mwanangu. Nimeyafuata juu ya meza nikiitikia amina, amina. Mpaka uliposema tupokelewe! Hapo nikamwambia Mungu, Baba, huyu usimsikilize."

Vituo vyote vya kando ya mto vikacheka. Vyote! Kimoja baada ya kingine, kwa zamu, kama tulivyofundishwa.

Nanyi mnaotaka kucheka, nawaomba mhamie chaneli nyingine.